Kianzio Kimoja kwa Samaki Wengi: Programu za Kusanifu Vianzio vya DNA na Suala la Majina ya Samaki katika Mombasa Bara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyosanifu vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyotumiwa kutambulia viumbe, hasa vile vinavyokusudiwa kufanya kazi kwa spishi nyingi kwa pamoja. Mifano imetolewa katika samaki wanaouzwa Likoni, Kisauni na Changamwe. Hoja yetu ni kwamba programu haimwoni kiumbe ambaye hakuwekwa katika orodha iliyopewa, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuijaza orodha hiyo ni kazi ya lugha.

Utangulizi

Mvuvi wa Mtongwe hahitaji maabara ili amtambue papa aliyemtoa baharini. Pingusi anajulikana kwa kichwa chake kilichotanuka kama nyundo. Papa shilingi kwa madoa yake meupe. Taa kwa ubapa wake. Lakini samaki huyo akiisha kukatwa kichwa na mapezi, akapasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa hata akawa ng'onda, alama zote hizo huwa zimeondoka. Kinachobaki juu ya meza ya muuzaji huko Likoni au Kongowea ni kipande cha nyama kikavu chenye jina moja tu: papa. Mnunuzi hana haja ya zaidi ya hapo, kwa kuwa anachokitafuta ni kitoweo cha kupika kwa tui.

Wako wengine, hata hivyo, ambao jina hilo haliwatoshi. Mnamo mwaka 2013, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka zilikutana Bangkok na kuamua kuziweka spishi tatu za pingusi chini ya udhibiti. Uamuzi huo ulianza kutekelezwa Septemba 2014, na mkutano wa 2022 uliofanyika Panama ukaongeza spishi nyingine nyingi za papa. Mkataba huu haukiingilii chungu cha mtu. Unahusu bidhaa zinazovuka mipaka. Afisa anayekagua shehena katika gati za Kipevu, upande wa Changamwe, hawezi basi kuandika "papa" akaishia hapo. Hana budi kujua ni papa yupi, na kosa lake lina gharama kwa pande zote mbili: spishi iliyokatazwa inaweza kupita bila kujulikana, au mfanyabiashara mwenye papa wa halali akazuiliwa mali yake kwa jambo asilolitenda.

Swali hilo hujibiwa kwa DNA, na jibu hutegemea kianzio. Tumeona vyema kulijadili katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, taaluma hii inafundishwa na kutumiwa katika miji yetu, nayo inahitaji istilahi zinazoeleweka. Pili, mantiki inayoziongoza programu hizi ni ile ile ambayo mwanafunzi wa lahaja amekwisha kuizoea, ila haitambui kwa sababu imevaa nguo nyingine.

Kianzio na istilahi yake

DNA ni uzi mrefu unaoandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Uzi huo ni wa nyuzi mbili zilizokabiliana, na katika kukabiliana huko A husimama mbele ya T, na G mbele ya C. Kwa hiyo ukiusoma uzi mmoja umeujua na wa pili.

Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni mbinu ya kurudufu sehemu moja tu ya uzi huo, na kwa ajili yake akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Mbinu yenyewe ni ya kupasha moto na kupoza. Chombo hupandishwa hadi nyuzijoto 94 au 95 ili nyuzi mbili ziachane; hushushwa hadi baina ya 50 na 60 ili vianzio vijipachike mahali pake; kisha hupandishwa hadi 72 ili kimeng'enya kiongeze herufi moja baada ya nyingine. Mzunguko huo hurudiwa mara 30 au zaidi. Kila mzunguko unaongeza nakala maradufu, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasini uzi mmoja baada ya mizunguko 30 huzaa nakala 1,073,741,824.

Kwa nini kianzio kinahitajika? Kimeng'enya kinachojenga DNA kina tabia ya mwashi asiyeweza kuweka tofali la kwanza. Mpe ukuta uliokwisha kuanzwa, naye ataundeleza hadi mwisho. Mwache penye uwanja mtupu, naye hatafanya lolote. Kianzio ndiyo yale matofali ya mwanzo: kipande cha herufi 18 hadi 25 hivi, kilichotengenezwa kiwandani, kinachokabiliana sawasawa na mahali fulani katika DNA ya kiumbe. Huhitajika viwili vinavyotazamana, kimoja upande huu na kingine upande ule, na kinachorudufiwa ni kile kilicho baina yao.

Wataalamu wengi huitamka istilahi hii "praima", na hapana ubaya wa kukopa. Hata hivyo, ukimwambia fundi wa Changamwe neno hilo, ataleta mkebe wa rangi ya kutangulizwa ukutani kabla ya rangi yenyewe. Wengine wangependelea "kianzishi". Sisi tunaliona neno hilo lina kasoro, kwani kianzishi ni kile kinachosababisha jambo lianze, hali ya kuwa hapa msababishi ni kimeng'enya. Kipande chenyewe ni mahali pa kuanzia tu. Ndiyo maana makala haya yanatumia "kianzio".

Somo kutoka kwa lahaja

Tuchukue maneno ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameyaona. Kiunguja husema "mchele", Kimvita "mtele". Kiunguja "macho", Kimvita "mato". Kiunguja "njia", Kimvita "ndia". Tukiyapanga maneno haya herufi chini ya herufi, tunapata kuwa sehemu kubwa ya neno haibadiliki, na kinachobadilika hukaa mahali maalumu na kwa utaratibu: palipo na "ch" huku pana "t" kule, palipo na "nj" huku pana "nd" kule.

Tuseme sasa mtafiti ana maandishi mengi ya Kiswahili katika kompyuta, naye anataka kuyakusanya yote yanayotaja mchele. Akiandika "mchele" peke yake, atawapoteza Wamvita wote. Mbaya zaidi, hatajua kwamba amewapoteza, kwani kompyuta haimwambii ni kitu gani haikukipata. Akitaka kuwapata wote, hana budi kubuni alama moja yenye maana ya "t au ch", aiweke mahali panapobadilika, kisha aache herufi nyingine kama zilivyo.

Mbinu hiyo ina mtego wake. Alama ile ile akiitumia kwa neno "cheka", ambalo kwa Kimvita ni "teka", ataletewa kicheko cha Wamvita, lakini ataletewa pia kila mtu aliyeteka maji kisimani. Upana umeongezeka, upambanuzi umepungua. Mvutano wa mambo haya mawili ndio roho ya kazi yote tunayoizungumzia.

Kuna jambo la pili. Neno "nyumba" ni "nyumba" kwa Kiunguja, kwa Kimvita, kwa Kigiriama na kwa Kidigo. Ni neno zuri la kuwakutanisha watu wa Kisauni na Likoni, lakini kwa sababu hiyo hiyo halikuambii msemaji ametoka wapi. Neno "njia" linakuambia, kwani Mgiriama na Mdigo watasema "njira" na Mmvita "ndia". Anayetaka kuwapata wote na papo hapo kuwatofautisha anahitaji mambo mawili yaliyo karibu: maneno yasiyobadilika pande zote mbili, na neno linalobadilika katikati. Mtu akisanifu sentensi ya uchunguzi wa lahaja kwa njia hiyo, amekwisha kusanifu jozi ya vianzio vya spishi nyingi.

Programu inafanya nini

Kwa samaki, maandishi yanayopekuliwa mara nyingi ni DNA ya mitokondria. Kwa samaki wengi uzi huo una herufi zipatazo 16,500 na jeni 37, nao una faida ya kuwapo kwa nakala nyingi katika kila seli, jambo linalosaidia mno pale nyama inapokuwa imeharibika.

Hatua ya kwanza ni kukusanya mifuatano ya herufi ya spishi zinazokusudiwa na kuipanga moja chini ya nyingine, kama tulivyoyapanga "mchele" na "mtele". Programu ya Clustal, iliyotolewa na Des Higgins na Paul Sharp mwaka 1988, ndiyo iliyoifanya kazi hii iwezekane katika kompyuta ndogo. Upangaji ukikosewa, yote yanayofuata yamekosewa. Mtu anayeyaweka "njia" na "jino" katika safu moja kwa kuwa yote yana "j" hatapata kanuni yoyote ya maana.

Hatua ya pili ni kupitisha dirisha la herufi kama 20 juu ya safu hizo, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuuliza kila mahali: hapa spishi zinakubaliana kwa kiasi gani? Panapokubaliana huwekwa alama. Kisha hutafutwa mahali pengine pa namna hiyo, pasipokuwa mbali mno wala karibu mno, na kilichomo katikati hupimwa kama kinabadilika vya kutosha. Programu ya ecoPrimers, iliyochapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Grenoble nchini Ufaransa, hutoa alama mbili kwa kila jozi: ya kwanza huonyesha ni sehemu gani ya spishi zilizokusudiwa jozi hiyo inaweza kuzirudufu, na ya pili ni ngapi kati ya hizo inaweza kuzitofautisha. Alama hizi mbili ndizo upana na upambanuzi tuliokwisha kuutaja.

Hatua ya tatu ni ya tabia ya kianzio chenyewe. Jozi ya G na C hushikana kwa nguvu kuliko ya A na T, kwa hiyo idadi ya G na C huamua ni joto gani litakiachanisha kianzio na mahali kilipojipachika. Vianzio viwili vya jozi moja havina budi kukaribiana kwa joto hilo, ama sivyo kimoja kitakuwa kimeshika na kingine kimeachia. Aidha, kianzio kisijikunje kikajishika chenyewe, wala kisishikane na mwenzake. Programu iliyoenea zaidi kwa mahesabu haya ni Primer3, ambayo Steve Rozen na Helen Skaletsky wa Taasisi ya Whitehead, Marekani, waliieleza katika chapisho la mwaka 2000. Hutolewa bure, na mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitumia. Ila ifahamike kwamba Primer3 husanifu kwa mfuatano mmoja. Ukiipa mfuatano wa pingusi itakupa kianzio kizuri cha pingusi, na haitajishughulisha na kujua kama kinamfaa taa.

Jambo linalostahili uzito kuliko yote ni mkia wa kianzio, yaani ule mwisho ambapo herufi mpya huongezwa. Tukirudi kwa mwashi wetu: tofali la chini likiwa limepinda kidogo ukuta unaweza kusimama, lakini tofali la juu kabisa, lile atakaloanzia, likiwa halikukaa sawa, hana pa kuweka la kwake. Herufi zisizolingana zikiwa kichwani mwa kianzio huvumilika. Zikiwa mkiani huua kazi nzima. Programu nzuri ya spishi nyingi huyahesabu makosa kwa mahali yalipo, si kwa idadi yake tu.

Pale ambapo spishi hazikubaliani hata kidogo katika herufi moja au mbili, hutumiwa alama za mchanganyiko, mfano wa ile "t au ch" yetu. Kwa makubaliano ya kimataifa R husimama badala ya A au G, Y badala ya C au T, na N badala ya herufi yoyote. Kiwandani alama hiyo haibaki alama. Huwa mchanganyiko wa vianzio halisi. Kianzio chenye Y tatu na N moja ni 2 × 2 × 2 × 4, yaani vianzio 32 tofauti ndani ya chupa moja, na kila kimoja kimebaki na sehemu moja tu ya 32 ya nguvu ya kile kilichonunuliwa. Programu ya CODEHOP, iliyobuniwa na Timothy Rose na wenzake wa Seattle mwaka 1998, ilikabiliana na tatizo hili kwa werevu: mchanganyiko uliwekwa mkiani tu, katika herufi 11 au 12 za mwisho, na kichwa kikaachwa kuwa cha namna moja ili kishike kwa nguvu.

Miongozo ya vitabuni hupendekeza kwamba G na C ziwe baina ya asilimia 40 na 60 ya kianzio. Msomaji asiichukue kanuni hiyo kama amri. Kianzio mashuhuri kuliko vyote vya spishi nyingi, kile kiitwacho LCO1490 ambacho Folmer na wenzake walikichapisha mwaka 1994 kwa ajili ya wanyama wasio na uti wa mgongo, huandikwa GGTCAACAAATCATAAAGATATTGG. Hesabu mwenyewe: G tano na C tatu katika herufi 25, yaani asilimia 32. Kimetumika kwa miongo mitatu.

Samaki aliyekosekana

Mwaka 2005 Ward na wenzake walionyesha, kwa samaki wa Australia, kwamba kipande cha herufi 655 cha jeni moja ya mitokondria kilitosha kuzitofautisha spishi zote 207 walizozichunguza. Kwa samaki mbichi wa Mtongwe au wa ghuba ya Port Reitz, kipande cha urefu huo hakina tatizo. Kwa ng'onda hali ni tofauti. Chumvi na jua huvunjavunja DNA, na mafuta ya moto ya mama karanga huivunja zaidi. Mtafiti anayetafuta kipande kizima cha herufi 650 katika nyama ya namna hiyo anaweza kutoka mikono mitupu. Ndiyo sababu vikasanifiwa vianzio vinavyofunga kipande kifupi, cha herufi 150 hivi. Mwaka 2015 Fields na wenzake walichapisha jozi ya namna hiyo kwa ajili ya mapezi ya papa yaliyokwisha kukaushwa na kusindikwa. Ufupi una bei yake, kwani kadiri kipande kinavyopungua ndivyo herufi za kutofautishia zinavyopungua. Programu haijui kwamba samaki wako ametiwa chumvi. Urefu unaotakiwa huiambia wewe.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha vianzio viitwavyo MiFish, ambavyo Masaki Miya na wenzake wa Japani walivichapisha mwaka 2015. Vilisanifiwa kwa kulinganisha mitokondria za spishi 880 za samaki, navyo hufunga kipande cha herufi 172 kwa wastani. Shabaha ilikuwa kuchota maji ya bahari na kujua, kwa DNA iliyomo ndani yake, ni samaki gani wanaishi hapo. Pamoja na wingi huo wa spishi, jozi iliyowafaa samaki wenye mifupa haikuwalingana vizuri papa na taa. Watafiti wakalazimika kutengeneza jozi ya pili kwa ajili yao.

Tulifikirie jambo hilo kwa makini. Kama wasingelinganisha mifuatano ya papa, wasingeiona tofauti. Wangechota maji, wangeyapima kwa jozi ya kwanza, na matokeo yangekuja mazuri yenye spishi kadha wa kadha, ila papa angekuwa hafifu au hayumo kabisa. Karatasi isingesema "sikumwona papa kwa sababu kianzio changu hakimfai". Ingenyamaza tu. Na msomaji wa karatasi hiyo, akiwa ni mpangaji wa mambo ya uvuvi, angeweza kuamini kwamba papa wamekwisha.

Wala haihitajiki tofauti kubwa. Tuseme katika mchanganyiko mmoja samaki wa kwanza anarudufiwa mara 2 kila mzunguko, na wa pili, kwa kasoro ndogo ya kianzio, mara 1.8. Baada ya mzunguko mmoja tofauti haionekani. Baada ya mizunguko 30, yule wa pili amebaki na takriban asilimia 4 ya nakala za mwenzake, ingawa walianza sawa. Anayesoma matokeo hayo kama hesabu ya samaki waliomo baharini anajidanganya.

Jina na spishi

Kianzio kikiisha kufanya kazi yake, kinachopatikana ni mfuatano wa herufi, si jina. Jina hutoka katika maktaba: mfuatano hulinganishwa na mingine iliyokwisha kuwekwa katika hifadhi kama GenBank, na anayefanana naye ndiye hutajwa. Watafiti wa MiFish walivijaribu vianzio vyao katika matangi ya makumbusho ya samaki ya Churaumi huko Okinawa, na wakazipata spishi 168 kati ya 180, yaani asilimia 93.3. Matokeo hayo ni ya kusifiwa. Lakini zile 180 si samaki wote waliokuwamo matangini. Ni wale ambao mifuatano yao ilikuwa imekwisha kuwekwa katika maktaba yao. Asiyekuwamo katika maktaba hakuhesabiwa hata miongoni mwa waliokosekana.

Sasa tulete hoja hiyo nyumbani. Tafi anayevuliwa zaidi katika maji yetu, Siganus sutor, hupatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi tu. Mtu wa Okinawa hana nafasi ya kumchukua katika bahari yake akamtia katika maktaba. Asipofanya hivyo mtu wa pwani yetu, mfuatano wa tafi wa Likoni utapewa jina la ndugu yake wa mbali, na jina hilo litaandikwa kwa uhakika ule ule wa majina mengine. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ina makao yake Mkomani, sehemu ya bara ya kaskazini ambayo ilikuwa katika jimbo la Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2013 kuja na jimbo la Nyali. Taasisi haiko mbali na samaki. Swali ni nani atasimama baina ya maabara na mtumbwi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoitwa, na hatumwiti kwa ajili ya kutafsiri tu. Majina ya samaki hayalingani na spishi moja kwa moja. "Papa" ni kama kianzio kipana mno: humshika pingusi, humshika papa shilingi, humshika hata papa upanga, ambaye kwa wanasayansi ni ndugu wa taa. "Changu" huwakusanya samaki wengi wa jamii moja, na "pono" vivyo hivyo. Upande wa pili, spishi moja huwa na majina mawili au zaidi kulingana na mahali: huyo huyo papa shilingi wa Kenya, aliyepewa jina kwa madoa yake yanayofanana na sarafu, Mafia huitwa potwe. Mtafiti aliyeandika "papa shilingi" katika daftari la Mombasa na "potwe" katika daftari la Mafia, asiwe na mtu wa kumweleza, atakuwa na samaki wawili. Aliyeandika "papa" katika yote atakuwa na mmoja mahali palipo na kumi.

Tunaamini kwamba kosa la kawaida katika kazi hizi ni kuliona jina la mvuvi kama lebo ya muda, la kutupwa mara jina la Kilatini linapopatikana. Jina hilo ni uchunguzi. Mvuvi anapowatenga samaki wawili ambao kitabu kimewaweka pamoja, huenda ameona umbo, kina cha maji au msimu ambao mwanasayansi bado hajaupima. Na huenda pia amewatenga dume na jike, au mkubwa na mdogo, wa spishi moja. DNA inaweza kuamua ni lipi kati ya hayo, lakini kwanza lazima mtu awe ameusikia utengano huo na kuuandika. Akifika mgeni na karatasi yenye mistari ya "papa", "taa" na "changu" iliyokwisha kuchapishwa, hatausikia. Karatasi yake ni kianzio kilichosanifiwa bila kuwauliza Wajomvu, Wadigo wa Likoni wala wavuvi wa Kisauni.

Kwa hiyo daftari la kazi hii linapaswa kuwa na zaidi ya jina. Liwe na matamshi kama yalivyosikika, bila kusanifishwa. Lahaja au lugha ya msemaji. Mahali na tarehe. Mtego au wavu uliotumika. Na jibu la swali ambalo mara nyingi husahauliwa: ni samaki gani mwingine anayefanana na huyu, na unawatengaje? Ruhusa ya utafiti huombwa kwa NACOSTI, na idhini ya mwenye samaki huombwa pale pale ufukweni. Kipande cha pezi cha ukubwa wa ukucha kinatosha. Hutiwa katika kichupa chenye ethanoli pamoja na kijikaratasi cha jina, na jina hilo huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka humo ndani.